Desemba Iliyohamishwa

Placida alinusa kabla hajaona. Harufu ilikuwa ya mshumaa, na katika nyumba ya Walthamstow, ambako umeme haujakatika tangu wahamie, mshumaa wa nini asubuhi ya Jumapili? Akainua pasi. Kwenye gauni lake jipya la kitenge, pale kifuani ambapo macho ya wanawake wa kanisani hutua kwanza, palikuwa na doa la nta ya buluu.

"Haika! Haikaaa!"

Binti yake akaingia kutoka uani, jasho linamtiririka utadhani yeye ndiye aliyekuwa anapigwa pasi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, miguu mirefu ya upande wa baba, na uso wa mtu anayejua kabisa anachoitiwa.

"Sorry, Mama. Nilisahau kuifuta."

"Umepaka tena ule uchafu kwa pasi yangu?"

"Si uchafu, ni wax. Ski bila wax haitelezi. Na pasi yangu imekufa upande mmoja, nilikwambia toka juzi."

"Pasi hii ni ya nguo! Tangu dunia iumbwe, nani alishawahi kupiga pasi mbao akaitwa mzima?"

Mezani, Telesphor, dereva wa basi ambaye barabarani haogopi lori wala polisi, alijificha nyuma ya kikombe cha chai. Alijua vita hii haikuwa ya pasi.

Haika alikuwa mshindani wa ski za masafa, zile za kukata kilomita kumi za theluji ukipanda na kushuka vilima kwa pumzi zako mwenyewe, si zile za kuserereka kutoka juu kama gunia lililodondoka. London haina theluji ya kutegemewa, kwa hiyo siku nyingi alifanya mazoezi kwenye lami ya Lee Valley, kwa ski fupi zenye magurudumu, huku watoto wakimwuliza theluji ameisahau wapi. Aliletwa Uingereza akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, lakini pasipoti yake ilibaki ya Tanzania, kwa kuwa baba yake hakutaka kusikia habari nyingine. Begani alivaa bendera ya nyumbani. Msimu mzima, kuanzia Novemba mpaka Machi, timu ya Tanzania katika vijiji vya theluji ilikuwa watu wawili: Haika, na kocha wake Eddie, tarishi mstaafu wa Chingford aliyefanya kazi hiyo kwa mapenzi na biskuti.

"Mama, kuna kitu kingine," Haika alisema. "Race ya Ufini. Wamebadilisha tarehe. Ni ishirini Desemba."

Placida akaiweka pasi chini. Ndege yao ya kwenda Kilimanjaro ilikuwa ya tarehe kumi na tisa.

"Basi hutaenda Ufini."

"Nisipoenda, alama zangu hazitatosha. Mashindano ya dunia ya Februari ndiyo basi. Yaani miaka yote hii, kwisha."

"Na iishe! Theluji itakuwepo mwakani. Bibi yako je?"

Mchagga anaweza kukosa kila kitu lakini Desemba lazima alale mlimani. Barabara ya Moshi hujaa magari, migomba hufyekewa, na asiyefika huuliziwa hadi na mbwa wa jirani. Wao walikuwa hawajafika kwa miaka kadhaa: mara kazi, mara corona, mara nauli. Safari hii Placida alikata tiketi mwezi wa kwanza, kabla hata ya kuuliza mtu, kama afanyavyo mke mwenye akili aliyeolewa Kilema, kijijini kwa kina Telesphor.

Tena kulikuwa na suala la ndafu, yule mbuzi mzima wa kuokwa wa sikukuu. Bibi, mama yake Telesphor, alikuwa na mbuzi wa kunoneshwa anayelishiwa ndani ya nyumba, na mbuzi huyo alikuwa wa Haika, mjukuu aliyerithi jina lake. Kila Krismasi ambayo Haika hakufika, mbuzi alisamehewa. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu wa msamaha, na kwa maelezo ya Bibi, mnyama yule alikuwa hapiti tena mlangoni.

Haika alichukua ski zake na kutoka. Placida alikwenda kanisani na gauni la zamani, akaimba kwa hasira kila wimbo, hata ule wa amani.

*

Duka la Vijay lilikuwa mwisho mwisho wa soko la Walthamstow, kati ya muuza mapazia na fundi simu. Vijay alizaliwa Moshi, karibu na stesheni ya reli, na ingawa aliondoka akiwa kijana, alikuwa bado anazungumza Kiswahili cha Moshi ya wakati ule, chenye adabu na utani mwingi. Kwake ndiko Watanzania wa upande huu walikopata ndizi mbichi, unga wa dona na habari za watu.

Jioni moja Placida alifika kununua ndizi akamkuta mumewe ameegemea kaunta, bado na sare za kazi, anahutubia wateja.

"Alama mia tatu na kumi!" Telesphor alikuwa anasema. "Binti yangu. Kuna wengine wana ishirini, wengine kumi na tano, wanatia huruma. Mia tatu na kumi!"

Wateja wakapiga makofi. Vijay, miwani kwenye ncha ya pua, alikuwa anasoma kitu kwenye simu yake.

"Telesphor bhai, ndugu yangu," alisema taratibu, "hapa wameandika kwamba alama ndogo ndiyo nzuri."

"Ndogo?"

"Ndogo. Yule anayeongoza dunia nzima, yeye ana sifuri."

"Sifuri? Si amefeli huyo?"

"Sifuri ndiyo ameshinda, bhai. Alama zinahesabu umeachwa nyuma kiasi gani."

Duka likapasuka kwa kicheko. Telesphor alikuwa amewatangazia madereva wenzake, kwaya nzima na padri. Placida naye alicheka mpaka machozi, akajishika kwenye gunia la mchele. Lakini mwanamume mmoja mwenye koti la ngozi, mteja wa kupita, akasema huku anafuta macho, "Lakini nyie nanyi. Mtu mweusi na theluji, wapi na wapi?"

Kicheko cha Placida kikakatika. Maneno yalimchoma, na yalimchoma zaidi kwa kuwa alikuwa ameyasema yeye mwenyewe, jikoni kwake, tena si mara moja. Alilipia ndizi, akamshika mumewe mkono, wakatoka.

"Sasa hizo alama inabidi zishuke," Telesphor alisema njiani, sauti imempungua. "Ndiyo maana anataka kwenda Ufini. Zishuke kidogo tu."

"Nimesikia."

"Placida, huyu mtoto..."

"Nimesikia, Baba Haika. Wewe utampigia simu mama yako?"

Telesphor akatazama barabara. Alikuwa mwana wa pekee wa kiume, na kwa mama yake alikuwa bado na miaka saba.

"Piga wewe," alisema. "Wewe unajua kusema naye."

*

Kweli Placida alijua kusema. Siku ile hakujua. Alipanga maneno vizuri kabisa, akapiga, na Bibi akapokea kwa sauti ile ya kuita mtu aliye ng'ambo ya korongo.

"Mama Haika! Nimemkatia mbuzi majani mpaka mgongo unaniuma. Wajina wangu anafika lini?"

Maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia. Kumwambia mama mkwe kwamba mjukuu ameacha Desemba kwa ajili ya kuteleza? Angeambiwa ameshindwa kulea.

"Mama, Haika hajisikii vizuri," Placida akasema. "Huenda asiweze kusafiri."

"Mungu wangu! Anaumwa nini?"

Placida alikuwa msaidizi wa wauguzi kwa miaka mingi. Magonjwa aliyoyaona wodini yangejaza ukurasa mzima, na yapo ya kuazima bila madhara: mafua, mgongo, jino. Katika yote hayo, akachagua hili:

"Anatapika tu, Mama. Asubuhi hasa. Na daktari amemkataza ndege."

Upande wa pili ulisikika mlango ukifungwa taratibu.

"Ahaa," Bibi akasema mwishowe, kwa sauti laini mno. "Basi nimeelewa, mwanangu. Nimeelewa kabisa."

Placida alikata simu akashusha pumzi, akaona mambo yameisha. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye wakati ule aliona barabara kuu.

*

Jumamosi iliyofuata kengele ya mlango ililia. Nje alisimama Valentine, binamu yake Telesphor wa kule Ilford, mwenyekiti wa kila kamati inayohitaji mwenyekiti. Nyuma yake alikuwa mkewe Aurelia amekumbatia sufuria lililofungwa kwa kanga, na nyuma ya Aurelia wanawake watatu wa kwaya, kila mmoja na mfuko.

"Bibi ametutuma tuje tumwone mgonjwa kwa macho," Valentine alisema, akiingia kama mtu aendaye kufungua mkutano. "Tumekuja na treni ya Elizabeth line, imejaa, lakini sufuria halikumwagika hata tone."

Aurelia aliliweka mezani akalifunua. Mtori. Mzito, wa ndizi na nyama, ile supu ambayo Wachagga humpa mzazi ili maziwa yatoke. Harufu ikajaa sebule. Mmoja wa wanakwaya akatoa shali laini la rangi ya maziwa. Mwingine akatoa taulo ndogo, ndogo sana, yenye sungura.

Placida alitazama ile taulo. Akaikumbuka simu ile, neno kwa neno, na damu ikampanda mpaka masikioni.

"Mama Haika, usijifiche," Aurelia alisema akimshika bega. "Mficha uchi hazai. Mtoto ni baraka. Baba yake ni nani?"

"Mimi!" Telesphor akadakia. "Nani mwingine?"

"Si Haika, shemeji. Huyu anayekuja."

Telesphor akamgeukia mkewe, mdomo wazi. Placida alitamani sakafu ya Walthamstow ipasuke, immeze yeye pamoja na taulo.

Nje pakasikika mkwaruzo mrefu wa magurudumu kwenye lami, kisha miluzi ya watoto wa jirani, kisha kishindo mlangoni. Haika akaingia na kofia ya baiskeli kichwani, ski zake fupi kwapani, fimbo mbili mkononi, amevaa nguo za mazoezi za kubana ambazo hazikuacha nafasi ya siri yoyote ya miezi mitatu. Wanawake wote wanne wakatazama tumbo lake. Lilikuwa bapa kama chapati.

"Shikamooni," Haika alisema. "Wow, mtori! Nimetoka Lee Valley, nakufa njaa."

Haika akachukua bakuli, akachota, akaanza kula amesimama. Alikula la kwanza lote, akachota la pili, na hapo ndipo alipogundua kwamba chumba kizima kinamtazama.

"Nani anaumwa?"

Valentine akakohoa. "Wewe."

"Mimi?"

"Unatapika," akasema mwanakwaya wa taulo, kwa sauti ya kulaumu. "Asubuhi hasa."

Haika alimtazama mama yake, akaitazama taulo ya sungura, akamtazama tena mama yake. Mtoto aliyelelewa London anaweza kukosa methali, lakini mambo haya huelewa upesi.

"Mama. Umemwambia Bibi naumwa?"

"Nilisema tu kwamba..."

"Ungeweza kusema naenda kushindana. Ni sentensi moja." Akaielekeza ile taulo kwa kijiko. "Is it that bad? Yaani bora niwe mgonjwa, bora niwe na mimba, kuliko niwe mimi?"

Akaweka bakuli mezani, nusu limejaa, akapanda juu. Mlango wa chumba chake ulifungwa polepole, na Placida angependa zaidi kama ungebamizwa.

Hapo hapo, kwa kuwa shetani ana ratiba yake, simu ya Valentine ikalia. Ilikuwa video. Uso wa Bibi ukajaa kioo, karibu mno, jicho moja na nusu kilemba.

"Mmemwona? Mpeni simu wajina wangu."

Valentine akatafuta mtu wa kumkabidhi. Placida akaichukua. Bakuli lile lililoachwa lilikuwa mbele ya macho yake, na aibu nyingine zote zilikuwa ndogo kuliko hiyo.

"Mama, shikamoo. Nimekudanganya. Haika haumwi, wala hana mimba. Ana mashindano ya ski Ufini, siku moja baada ya ndege yetu. Akiyakosa, msimu wake wote umepotea. Niliona aibu kukwambia."

"Mashindano ya nini?"

"Ya theluji, Mama. Ya kukimbia kwenye theluji."

Bibi akarudisha simu nyuma, na sasa alionekana mzima, na nyuma yake kitako kikubwa cha mbuzi.

"Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake."

"Anambebea nani mzigo?"

"Habebi mzigo wa mtu, Mama. Anakimbia mwenyewe. Kavaa bendera."

Bibi akageuka akamtupia mbuzi majani, naye akasikika akitafuna. Kila aliyekuwa sebuleni alijua habari ya marehemu mumewe. Alikuwa mpagazi. Alipandisha mahema, viti na maji ya kuoga ya wageni mpaka kwenye barafu ya Kibo, msimu baada ya msimu, na vidole viwili vya mguu vilibaki huko huko.

"Mume wangu alikwenda kwenye theluji mara nyingi kuliko padri kanisani," Bibi alisema. "Hakuna hata siku moja aliyokwenda kwa shida zake mwenyewe. Leo mjukuu wake anaitwa huko, mgongo mtupu, anashindana na wageni wenyewe, na wewe unaona aibu?"

"Nisamehe, Mama."

"Kwa nini hukusema? Ungeniambia ningejua la kufanya. Theluji yao inaisha lini?"

"Machi."

"Basi Desemba yangu itakuwa Pasaka. Njooni wote Pasaka. Mwenye mbuzi ni mimi."

Valentine akaruka. "Lakini Bibi, Desemba haihamishwi! Watu watasemaje?"

"Wewe Valentine, nilikutuma kuona mgonjwa. Umemwona? Kula mtori urudi kwako." Kisha akasogea tena karibu na kioo, jicho moja na nusu kilemba. "Ila mpaka Pasaka itabidi tuvunje ukuta. Huyu mnyama hatoki."

*

Tiketi zilisogezwa, kwa faini iliyomfanya Placida apige ishara ya msalaba mbele ya kompyuta. Haika alishukuru kwa adabu. Alikuwa na adabu mno siku hizo: naam Mama, asante Mama, nimeshiba Mama. Hakuimba bafuni. Nta aliendelea kuipaka kwa pasi yake mbovu iliyopata moto upande mmoja, na ile ya mama yake hakuigusa.

Siku moja kabla Haika hajaondoka, Placida alikwenda dukani kwa Vijay, na hakuulizia ndizi. Alisimama mbele ya chungu cha maua kilichokaa pembeni mwa mashine ya kulipia. Wateja Waingereza walikiona pambo. Yeye tangu mwaka juzi alijua ni nini: majani marefu ya kijani, yenye mstari wa njano katikati, ndugu wa yale yanayopandwa mipakani mwa kila kihamba, shamba la ukoo, huko nyumbani.

"Vijaybhai, naomba jani moja."

Vijay akavua miwani. Mtu aliyezaliwa Moshi hahitaji kuelezwa isale, jani la kuombea msamaha.

"Nani kamkosea nani?"

"Mimi nimemkosea binti yangu."

"Mzazi anampelekea mtoto?" Vijay alitikisa kichwa kwa mshangao. "Haya sijawahi kuyaona, na baba yangu alikuwa na duka sokoni Moshi akayaona mengi." Alichagua jani zuri kuliko yote, akalikata kwa mkasi. Placida alipofungua pochi, Vijay alikunja uso. "Isale linauzwa? Ondoka hapa."

Telesphor alisema neno lile lile alipoliona jikoni. "Mke wangu, mtoto ndiye anayeleta isale kwa mkubwa. Si hivi."

"Na ukubwa unadanganya watu kwamba mtoto anatapika? Nipishe."

Haika alikuwa uani, ski imelazwa juu ya meza mbovu, anahangaika na pasi yake ya upande mmoja. Placida alitoka na jani mkono wa kulia, limefungwa fundo, na pasi yake nzuri mkono wa kushoto. Akaviweka vyote viwili mezani.

"Mama, what's this?"

"Isale. Baba yako alishakusimulia."

Haika akalishika lile fundo. Alikuwa amesimuliwa, ndiyo, mara nyingi, kwenye foleni za magari: kwamba mtu akikuletea hili hulikatai, hata kama kakuulia ng'ombe.

"Sikukuonea aibu wewe," Placida alisema. "Niliona aibu mimi, kwa watu. Nikaiweka aibu yangu juu yako. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe."

Haika akalilaza jani kiganjani. Kisha akatabasamu kwa pembe ya mdomo, machozi tayari yako njiani.

"Kwa hiyo sina choice?"

"Huna. Ndiyo uzuri wake."

Wakakumbatiana hapo hapo uani, na Telesphor, aliyekuwa anachungulia dirishani kwa mambo yasiyomhusu, alijipangusa uso kwa taulo ya vyombo. Placida ndiye aliyejitoa kwanza. Alikuwa ameona namna ile nta ilivyokaa.

"Hebu nipe hiyo mbao. Unapiga pasi kama unafukuza nzi! Moto kidogo, mkono usisimame, toka mwanzo mpaka mwisho mara moja. Eddie ndiye aliyekufundisha hivi? Posta walikuwa hawapigi pasi?"

Na yeye aliyeuliza nani alishawahi kupiga pasi mbao, akapiga. Alipiga mpaka ski zikang'aa.

*

Tarehe ishirini duka la Vijay lilifungwa kwa wanunuzi na kufunguliwa kwa watazamaji. Vijay aliweka skrini juu ya friji la soda. Valentine alijichagua mwenyekiti wa viti. Aurelia alileta sufuria lile lile, mtori ule ule, akasema safari hii ni wa mtu mwenye afya. Na simu ya Telesphor ilikuwa wazi kwa sauti kubwa, Bibi na nusu ya Kilema wakisikiliza upande wa pili, kwa kuwa mtandao wa kule haukuweza kuleta picha.

Washindani waliachiwa mmoja mmoja, kila mmoja akishindana na saa. Kamera iliwapenda wa mbele. Wanawake wa Ufini na Norwe walipita wamenyooka, na dakika nyingi zilipita watu wakitazama mabega ya wengine. Telesphor alijaza nafasi hiyo kwa kutangaza kama mpira wa redioni.

"Naaam, wasikilizaji, miti ni mingi, theluji ni nyeupe, Haika hatumwoni lakini yupo!"

"Yupo wapi?" Bibi akauliza.

"Nyuma ya miti, Mama!"

Kisha, mara moja, alionekana. Mlima ulikuwa mkali, na yeye alikuwa anaupanda kwa hatua fupi fupi, mdomo wazi, mvuke unamtoka, bendera begani. Chini ya mkanda wa namba yake, kifuani, palichomoza kitu cha kijani. Placida alijishika mdomo. Katika weupe ule wote lilikuwa jani moja tu, na fundo lake.

"Kavaa isale!" Telesphor alipiga kelele, utangazaji umemshinda. "Mama, kavaa isale kifuani!"

Kutoka Kilema kikaja kigelegele, cha kwanza kikiwa cha Bibi mwenyewe, na duka zima likakijibu. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anapita na mbwa alisimama dirishani. Vijay akamwashiria aingie, akampa sambusa.

Alipovuka mstari, Haika alianguka kifudifudi kwenye theluji. Placida alisimama, lakini Vijay akamwambia kwamba wote huanguka, hata wa kwanza alianguka, ndiyo desturi yao. Haika akajigeuza chali, akaweka mkono juu ya lile jani, akacheka peke yake akitazama mbingu ya Ufini.

Wakasubiri. Alama hazitoki papo hapo, na watu walikula bila kuonja. Hatimaye simu ya Placida ikatetemeka. Ujumbe wa Eddie ulikuwa mfupi. Aliusoma, akausoma tena, na aliponyanyua kichwa uso wake ulikuwa umelowa.

"Zimeshuka," alisema. "Zimeshuka zinatosha. Anakwenda mashindano ya dunia."

"Zimeshukaaa!" Telesphor aliruka, akampandisha Valentine juu pamoja na kiti chake cha uenyekiti. "Zimeshuka! Zimeshuka!" Duka zima likashika wimbo huo, wakicheza kati ya magunia ya mchele, na mama wa mbwa akicheza nao bila kujua ni kitu gani kilichoshuka.

Katika kelele zile simu ya Telesphor ilikuwa inaita jina la Placida kwa muda mrefu kabla hajaisikia. Akaitoa kwenye kaunta, akaziba sikio jingine.

"Nipo, Mama."

"Amekuwa wa ngapi?"

Placida alikuwa ameapa hatadanganya tena.

"Wa hamsini na saba, Mama."

"Kati ya wangapi?"

"Sitini na moja."

Bibi alipiga hesabu zake taratibu, na nyuma yake mbuzi, mwenye Pasaka yake mkononi mwa Mungu, akalia mara moja.

"Kwa hiyo kuna wanne nyuma yake," Bibi alisema, na sauti yake ilijaa huruma ya kweli. "Maskini. Wapeni pole mama zao."